Je, Wajua? Mzigo wa kichwani nao hupimika

Barabara kuu ya Dar es Salaam–Tunduma hupita wilayani Mbozi, ikibeba malori ya kwenda Zambia na Kongo. Mizani ya barabarani hupima shehena. Mzigo wa akili ya dereva hausomeki pale, ingawa vipimo vipo. Mwaka 1966 Daniel Kahneman na Jackson Beatty walionyesha kuwa mboni ya jicho hutanuka kadiri kumbukumbu inavyolemewa. Mwaka 1988 Sandra Hart wa NASA na Lowell Staveland walichapisha dodoso la kupima mzigo huo kwa vipengele 6, kikiwemo shinikizo la muda.

Utasema dereva anayehofia kibarua chake atajaza dodoso kwa uongo. Ni kweli, na mboni nayo hubadilishwa na mwanga. Ndiyo maana watafiti huchanganya vipimo, mapigo ya moyo yakiwemo. Wengine hutegemea uzoefu wa dereva badala ya vipimo. Uzoefu hupunguza mzigo, sawa, lakini usiku kwenye barabara iliyonyooka mzigo hupungua mno, na akili isiyo na kazi husinzia. Kwa hiyo matokeo ya vipimo yafaa yatumike kupanga zamu na mapumziko, si kutoa adhabu. Dereva akishaadhibiwa kwa kuchoka, atajifunza kuficha uchovu.