Upanga Haumiminwi

"Mwalimu, shikamoo. Kalibu ya upanga inachongwa kwa jiwe gani?"

Swali hili limenifikia tena juma lililopita, kutoka kwa kijana anayetengeneza gemu ya kifantasia pamoja na wenzake wawili. Ameambatisha picha ya mhunzi wao: mzee wa ndevu, koleo mkononi, anamimina chuma cha rangi ya chungwa kwenye jiwe lililochongwa umbo la upanga. Chuma kinatiririka kama uji, kinajaa hadi kwenye ncha, kinapoa, na upanga unainuliwa ukiwa tayari kwa vita. Picha imechorwa na mtu mwenye kipaji. Nami nimemjibu kama nilivyowajibu wenzake wote waliomtangulia: marahaba, mwanangu, hakuna jiwe kwa sababu hakuna kalibu. Upanga wa chuma haumiminwi.

Ninafundisha sayansi ya metali, na swali hili nimeulizwa mara nyingi kupita kiasi. Nalijibu hapa hadharani, kwa urefu, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Kosa lenyewe halikuzaliwa kwenye gemu. Filamu ya Conan the Barbarian ya mwaka 1982 inafunguka kwa chuma kinachomiminwa kwenye kalibu. Mwaka 2014, msimu wa nne wa Game of Thrones ulianza kwa upanga mkubwa kuyeyushwa na kusubiwa panga mbili. Waliokuwa watoto mbele ya runinga ndio wanaotengeneza gemu leo, na wanachora walichokiona.

Tuanze na rangi, kwa kuwa rangi haihitaji maabara. Chuma kinapochomwa hupita ngazi anazozijua kila mhunzi: wekundu uliofifia kwenye nyuzijoto 600 na kitu, rangi ya chungwa karibu na 1,000, manjano kati ya 1,100 na 1,200, kisha weupe. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538. Feleji ya upanga, yaani chuma chenye kaboni kama asilimia 0.6, huwa maji kamili karibu na 1,490. Hesabu ni fupi. Chuma cha rangi ya chungwa kimebakiza karibu nyuzijoto 500 kabla ya kutiririka. Bado ni kitu kigumu, unakishika kwa koleo na kukigonga kwa nyundo. Feleji iliyoyeyuka kweli ni nyeupe, inaumiza macho, na wafanyakazi wa viwandani huitazama kupitia miwani ya giza. Anayechora feleji ya maji yenye rangi ya chungwa amechora kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Sasa jiulize huyo mzee wa ndevu amezipata wapi nyuzijoto 1,490 kijijini, kwa makaa na mivukuto miwili. Tanuri la jadi hufanya kazi kwenye nyuzijoto 1,200 hadi 1,300, na kwa joto hilo chuma hakiyeyuki. Kinachoyeyuka ni uchafu wa mawe, yale mavi ya chuma, yanayochuruzika na kuacha bonge la chuma lenye vitundu kama sifongo.

Ushahidi tunao nyumbani. Wafipa wa Rukwa walijenga matanuri ya udongo yenye urefu wa takriban mita 3, yaliyovuta upepo yenyewe bila mtu kushika mvukuto. Na bado, kwa urefu wote huo, kilichotoka ni bonge. Bonge lilipelekwa kwenye tanuri dogo la pili kusafishwa, na ndipo mhunzi alipoanza kazi yake. Katika miaka ya 1970 wazee wa Buhaya waliwasha upya matanuri yao mbele ya wanaakiolojia, wakitumia makaa na matete yaliyochomwa yakawa meusi. Wazee wale walikuwa mabingwa. Hawakumimina chuma. Walitoa bonge, na bonge likaenda kwenye nyundo.

Hapo ndipo ulipo ufundi wote ambao picha ya kalibu inaufuta. Bonge huchomwa, hugongwa, mavi yanaruka kama cheche, hukunjwa, hugongwa tena, vitundu vinafungana. Nyundo ndiyo inayosafisha na kuunganisha. Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili kuliko filamu zote nilizozitaja: mhunzi anaitwa mfua chuma. Anakifua. Anayemimina kwenye kalibu anasubu, na hiyo ni kazi nyingine ya mtu mwingine.

"Lakini Mwalimu, nimeona kwa macho yangu chuma kikimiminwa." Umeona, na hapa ndipo wengi wanaponasa. Chuma kikikaa kwenye moto mkali ndani ya makaa mengi, hunywa kaboni, na kikifikia asilimia 4 hivi huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 1,150 tu. Hicho kinatiririka na kujaa kalibu vizuri kabisa. Ndicho kilichotengenezewa mifuniko ya mashimo ya barabarani na miguu ya cherehani za zamani. Sasa muulize fundi cherehani yeyote aliyewahi kuangusha mguu wa cherehani kwenye sakafu ya saruji. Haupindi, unavunjika. Kaboni iliyokirahisishia chuma kuyeyuka ndiyo hiyohiyo iliyokifanya kiwe chepesi kuvunjika. Upanga wa chuma cha aina hiyo utaachana vipande viwili kwenye ngao ya kwanza. Wachina walisubu chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakatengeneza majembe na vyungu kwa kalibu, na bado panga zao waliendelea kuzifua.

Wengine hunijia na panga za Dameski. Ni kweli kwamba mafundi wa kusini mwa India na Sri Lanka waliyeyusha feleji ndani ya vyungu vidogo vilivyofungwa, na feleji hiyo ndiyo iliyotengenezewa panga zile mashuhuri. Lakini waliiacha ipoe ndani ya chungu hichohicho, ikatoka donge la kukamatika kwa mkono mmoja. Donge likauzwa, likasafiri, likafika kwa mhunzi, naye akalifua kwa uangalifu hadi likawa upanga. Hata baada ya Henry Bessemer kupata hataza yake ya kutengeneza feleji mwaka 1856 na feleji kuanza kumwagwa kwa tani, mabonge yaliyomwagwa yaliendelea kupitishwa kwenye nyundo na mitambo ya kubana. Feleji ikiachwa kama ilivyogandia kwenye kalibu hunywea ikipoa, hubaki na mapovu ndani, na chembe zake huwa kubwa na dhaifu.

Tena kufua si mwisho. Upanga ukishapata umbo huchomwa hadi kama nyuzijoto 800 na kutoswa kwenye maji au mafuta. Hapo unakuwa mgumu kama kioo, na unavunjika kama kioo. Kwa hiyo hurudishwa motoni taratibu, nyuzijoto 200 hadi 300, mpaka uso uliosuguliwa ugeuke manjano ya nyasi kavu, kisha zambarau, kisha buluu, na fundi anausimamisha kwenye rangi anayoitaka. Hiyo ndiyo siri ya upanga. Haimo kwenye jiwe.

Haimo pia kwenye madini ya ajabu. Katika Skyrim, gemu ya mwaka 2011 ambayo nimeicheza kwa saa nyingi na kuipenda, feleji hutengenezwa kwa kuyeyusha mawe ya chuma pamoja na korundumu. Korundumu ni oksidi ya alumini. Ikiwa safi na yenye rangi tunaiita yakuti: ile nyekundu ya Longido na Mahenge, ile ya samawi ya Tunduru. Haina hata chembe ya kaboni. Kinachogeuza chuma kuwa feleji ni kaboni ya makaa, na makaa ndiyo kitu pekee ambacho kanuni hiyo ya gemu haikukiomba. Mchezaji anazunguka milima mizima akitafuta jiwe la pete, huku amesimama chini ya mti wa kuchoma makaa.

Nikifika hapo, najibiwa vilevile kila mara: "Mwalimu, gemu ina majoka yanayoruka na kutema moto. Upanga tu ndio unaokukera?" Wanaosema hivi hudhani wamefunga mjadala. Kwa kweli hawajaelewa hadithi hufanya kazi vipi, na kosa hili ni zito kuliko la kalibu, kwa sababu ndilo linaloyalinda makosa mengine yote.

Chukua kisa cha Fumo Liyongo, ambacho kila aliyesoma fasihi yetu anakijua. Mwili wake haukudhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Huo ni uchawi, tumeambiwa, tumeukubali. Lakini Liyongo huyohuyo alipofungwa pingu gerezani hakuzikata kwa kupuliza. Alihitaji tupa. Tupa ikafichwa ndani ya mkate wa wishwa, kwa sababu chakula kizuri walinzi walikuwa wakikila wenyewe, na wishwa wasingeugusa. Kisha kwa kuwa tupa juu ya chuma inalia, ilibidi ngoma na vigoma vya gungu vipigwe nje ili sauti ya kukereza imezwe. Angalia pia metali zenyewe: tupa ni feleji ngumu iliyotiwa maji, pingu ni chuma laini, na kigumu ndicho kinachokula laini. Msimulizi amevunja kanuni moja tu ya dunia, akatutangazia, na nyingine zote akaziacha mahali pake. Ndiyo maana tunahofia Liyongo asisikike. Pingu zingekuwa zinayeyuka zenyewe, nani angejali mkate una nini ndani?

Joka la gemu ni sindano ya shaba: limetangazwa. Upanga haujatangazwa. Umeitwa feleji, una uzito, una makali, unashika kutu, na mchezaji ameombwa auamini kama anavyoviamini vitu vya kwao. Ukitaka nikubali metali inayomiminwa na kuwa imara, ipe jina lako na uniambie, nitakubali mara moja. Minecraft haijaniahidi chochote. Inachoma jiwe la chuma kwa sekunde 10 katika dunia ya matofali, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na gemu inayonichorea kila unyoya wa farasi, kisha inanimiminia upanga.

Sasa ya kufanya, upesi. Mtengenezaji: ondoa kalibu, onyesha chuma kikitoka tanurini kikiwa cha manjano, nyundo mara tatu, kirudi motoni, kitoswe, kinolewe. Sekunde nne zinatosha. Ukiipenda sana picha ya kumimina, fanya upanga wa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Hiyo huyeyuka karibu na nyuzijoto 1,000, na panga zake zilisubiwa kweli kwa karne nyingi, kisha makali yakagongwa yakomae. Kwenye kanuni ya feleji, weka makaa. Na ukiwa hapo, sahihisha na makosa mengine: upanga mrefu utoe mgongoni uupeleke kiunoni, kwa maana mkono haufiki kuuchomoa wote kutoka kwenye ala. Upinde wa vita usivutwe na kushikiliwa kwa dakika nzima: pinde zilizotolewa kwenye meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, zilihitaji nguvu ya kilo 45 hadi 80, kwa hiyo fanya mkono utetemeke. Mienge kwenye kaburi lililofungwa miaka elfu: izime, umpe mchezaji taa yake. Mchezaji: kama gemu yako iko kwenye kompyuta, tafuta marekebisho ya wachezaji wenzako, mengi yamekwisha kutengenezwa. Au cheza Kingdom Come: Deliverance II ya mwaka 2025, inayokuweka Bohemia ya mwaka 1403, humo unachoma chuma, unatazama rangi, unakifua na kukitosa wewe mwenyewe, nayo inafurahisha. Asikudanganye mtu kwamba ukweli unachosha.

Kijana wangu alikaa kimya siku mbili. Nilidhani amekasirika. Siku ya tatu alituma picha mpya, kalibu haipo, fuawe ipo, na chini yake swali: "Mwalimu, nyundo ikipiga chuma cha moto inalia vipi?"

Hilo sikuwahi kuulizwa. Nimemwandikia kwamba mpigo juu ya chuma cha moto ni mzito na mfupi, kama mchi kwenye kinu chenye nafaka, kwa sababu chuma kimelainika na kinaumeza. Ule mlio wa kengele unaosikika kwenye gemu zote ni wa nyundo inapogusa fuawe tupu, mhunzi akipumzisha mkono kati ya pigo na pigo. Aweke yote miwili, kila mmoja mahali pake.