Kuunda Ndege ya Plastiki: Istilahi Zimo Karakanani

Makala haya yanafafanua uundaji wa kielelezo cha plastiki cha ndege ya kivita kwa msamiati ambao maseremala wa Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong, huutumia kila siku. Mfano wetu ni F-5E, ndege ambayo Jeshi la Wanahewa la Kenya lilianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1970. Urefu wake ni takriban mita 14.4, kwa kipimo cha 1:72, kielelezo huwa na sentimita 20.

Kwanza, vipande hukatwa kutoka kwenye fremu inayovishikilia, wala havinyofolewi, kisha makovu yaliyosalia hupigwa msasa. Pili, chumba cha rubani hupakwa rangi kabla ya nusu mbili za kiwiliwili kuunganishwa, kwa kuwa baadaye brashi haitafika humo. Gundi hupakwa kwa uchache: tofauti na ile ya mbao, hii huyeyusha plastiki ili vipande vishikamane, na ikizidi huharibu umbo. Hatimaye hufuata mabawa, mkia, rangi, na nembo zinazolowekwa majini kabla ya kubandikwa.

Ikumbukwe kuwa ‘msasa’ ni jina la mti ambao majani yake yenye kukwaruza yalitumiwa kulainishia mbao. Nalo neno ‘ndege’ lilipopewa chombo, lilikuja na bawa na mkia wake. Aghalabu hudaiwa kuwa Kiswahili hakijitoshelezi katika ufundi. Dai hilo halina mashiko: kabla ya kubuni istilahi, mwanaisimu na aende kwanza karakanani.