Treni za Mfano na Upana wa Reli ya Katanga

Mtengenezaji wa mifano kutoka Luano, Lubumbashi, azurupo maonyesho makubwa ya treni za mfano, hukabiliwa kwanza na suala la vipimo. Kipimo kilichoenea zaidi, yaani 1:87, hutumia njia yenye upana wa milimita 16.5, ambayo huwakilisha reli ya milimita 1435. Lakini reli iliyofika Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1910 ina upana wa milimita 1067. Kwa kipimo hicho, njia yake yapasa kuwa milimita 12 hivi. Behewa la Katanga likiwekwa juu ya njia ya 16.5, upana huzidi kwa theluthi, na historia ya reli hiyo hupotoshwa. Atakaye kuitumia njia hiyo hana budi kukuza mfano wote hadi 1:64 hivi.