Je, Binti Ameulizwa?

Mwaka 1662 mama mmoja wa Ufaransa, Madame de La Fayette, alitoa kitabu kidogo bila kutia jina lake. Mwaka 2010 Bertrand Tavernier alikifanya filamu. Kinasimulia habari za Marie de Mézières, binti wa ukoo mkubwa, aliyempenda kijana wa ukoo wa Guise. Wazee walikuwa wamemposea mdogo wake kijana huyo, kisha wakageuza shauri na kumwoza kwa mtawala wa Montpensier. Mume alipokwenda vitani alimwacha mkewe mikononi mwa rafiki yake Chabannes, mtu mzima aliyemwelimisha. Chabannes naye akampenda, asipendwe. Wengi waliumia katika hadithi hiyo, hata mume, aliyeliwa na wivu kwa ajili ya mke aliyepewa tu.

Akina mama wa Babati tusiseme hayo ni ya Wazungu wa kale. Ondoa makasri, weka ng'ombe wa mahari, utaitambua hadithi. Wafiomi, Wairaqw, Wambugwe, Wabarbaig, kila watu wana desturi zao za posa, wala si dhambi wazazi kumtafutia mtoto mchumba. Isaka alitafutiwa. Lakini tusome vizuri Mwanzo 24. Baba na kaka wamekwisha kukubali, zawadi zimetolewa, na bado Rebeka aliitwa akaulizwa kama atakwenda na mtu yule. Lea, katika sura ya 29, hatusomi kwamba aliulizwa na yeyote. Aliingizwa usiku kwa mwanamume aliyempenda mdogo wake, na uchungu wake tunausikia katika majina aliyowapa wanawe.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inadai hiari ya wote wawili, na kifungu cha 38 kinaihesabu kuwa batili ndoa ambayo mmoja wao hakuiridhia kwa hiari. Kutotolewa mahari hakubatilishi ndoa. Kuhusu umri, dada yetu Rebeca Gyumi (tazameni jina!) alikwenda mahakamani, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu ya mwaka 2016 kwamba vifungu vilivyoruhusu binti wa miaka 14 au 15 kuolewa vinapingana na Katiba.

Tatizo ni kwamba mara nyingi mama huitwa mambo yakiwa yamekwisha, naye hutumwa kumnyamazisha binti anayelia. Kazi hiyo tuikatae. Tumuulize sisi wenyewe, si mbele ya baba wala mashangazi, bali shambani tukipalilia mahindi, tukiwa wawili. Tumuulize pia kama yupo mwingine anayempenda, na akitaja jina tusimkemee.

Sheria inataka kusudio la ndoa litangazwe siku 21 kabla. Siku hizo zinasaidia, ila ni za mwisho. Ng'ombe wakishaingia zizini, ni baba wachache wanaokubali kuwarudisha. Binti aulizwe kabla hawajaswagwa kuja.