Kivu na Tanganyika: Kilo mbili za risasi zinaweza kumweka mzamiaji hatarini

Boti inapozama ziwani Kivu ao Tanganyika, swali moja hurudi ukingoni: wazamiaji wako wapi? Wengi hufikiri kwamba mtu akiwa na chupa ya hewa mgongoni, anashuka chini bila shida. Sivyo ilivyo.

Mwili wa mtu, pamoja na nguo nene ya mpira inayomkinga na baridi, unapenda kuelea. Ili ashuke, mzamiaji hufunga kiunoni mkaba wenye vipande vya risasi. Si zile za bunduki tunazozijua sana hapa mashariki, bali madini yenyewe, yaliyo mazito. Kazi ni kujua kilo ngapi zinatosha.

Kuzidisha ni kosa la wengi wanaoanza. Mwenye uzito mwingi analazimika kujaza hewa nyingi ndani ya gile yake ili asizame kupita kiasi. Anachoka, anapumua sana, na chupa inaisha mapema. Tena hewa hiyo inatanuka anapopanda: kutoka mita 10 hadi juu, inakuwa mara mbili hivi. Asipoitoa kwa wakati, inamrusha juu kwa kasi, na kupanda kwa kasi kunaweza kupasua mapafu.

Kupunguza mno nako ni hatari, lakini shida yake huonekana mwishoni. Hewa ina uzito. Chupa ya litre 12 iliyojazwa kwa bar 200 inapoteza zaidi ya kilo 2 hadi kufikia bar 50. Mtu aliyeshuka vizuri anajikuta mwepesi wakati wa kurudi, na hawezi kutulia mita 5 kwa dakika 3, kama wazamiaji wanavyofundishwa, ili mwili utoe azote iliyoingia katika damu.

Maji nayo yana neno lao. Litre moja ya maji ya bahari ina uzito wa karibu kilo 1,025. Ya ziwa letu, kilo 1. Kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vyombo vyake vyote ana kilo 100, akitoka Mombasa ao Zanzibar na kuzamia Kalemie ao Uvira, anapaswa kupunguza karibu kilo 2 na nusu. Akifunga mkaba uleule wa baharini, amejizidishia mzigo.

Namna ya kupima ni rahisi. Vaa vyombo vyote, ingia kwenye maji yanayokupita kimo, ukiwa na mwenzako karibu. Toa hewa yote katika gile, vuta pumzi ya kawaida na uizuie, bila kupiga miguu. Maji yakisimama usawa wa macho, na ukizama polepole unapotoa pumzi, uzito unafaa. Kipimo hiki hufanywa chupa ikiwa karibu kuisha. Ikiwa imejaa, ongeza kilo 2 hivi. Ukibadilisha nguo, chupa ao maji, pima tena.

Jambo la mwisho: mkaba ufungwe kwa namna ya kufunguka kwa mkono mmoja. Mzamiaji akipata shida juu ya maji, risasi ndizo za kwanza kutupwa. Zinanunuliwa tena, uhai haununuliwi.