Chumba cha giza: mbabula ibaki nje



Wenzetu wengi wakitoka kazini wanashika kazi nyingine ya mikono. Huyu anashona nguo, yule anatengeneza viti, mwingine anapiga picha. Leo tunasema na mpiga picha, zaidi yule mwenye aparei kubwa ya miguu mitatu, anayetumia filamu za kipande kimoja-kimoja za inchi 4 kwa 5, na anayezisafisha mwenyewe nyumbani katika matangi. Ni kazi nzuri. Lakini ni kazi ya dawa, ya maji na ya giza. Kazi ya namna hii ina sheria zake za usalama, sawa na kazi ya shimoni.

Usifikiri kwamba ni kazi ya kigeni kwako. Kwa miaka mingi picha ya kifua aliyopigwa mfanyakazi hospitali ilikuwa filamu ya namna hiyo. Ilifungwa katika fremu ya chuma, ikatumbukizwa katika tangi la kwanza, la pili, la tatu, kisha ikaoshwa na kuanikwa. Mpiga picha wa nyumbani anafanya vilevile, kwa vyombo vidogo zaidi.

KWA NINI WATU WANAINGIZA MOTO

Tangi la kwanza ni la dawa ya kuonyesha picha, ambayo mafundi wanaiita revelateri. Dawa hii inapenda joto la nyuzi 20. Ndani yake mara nyingi mna metoli na idrokinoni. Maji yakishuka chini ya nyuzi 13 hivi, idrokinoni karibu inalala usingizi: picha inatoka dhaifu, na kazi imeharibika.

Sasa wewe unajua usiku wa Lubumbashi katika mwezi wa sita na wa saba. Baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na maji ya robine yanakata vidole. Fundi anafanya nini? Anaingiza mbabula ndani ya chumba. Chumba chenyewe amekwisha kukiziba: bulangeti kwenye dirisha, matambara chini ya mlango, karatasi nyeusi katika kila tundu, kwa sababu filamu haitaki mwanga hata kidogo. Halafu anaona makala mekundu yanatoa mwanga. Basi anaifunika mbabula na karai, au anaimwagia majivu juu. Anafurahi: joto lipo, mwanga hakuna.

Ndugu, mtu huyo amekwisha kujitengenezea kaburi.

GAZI ISIYO NA HARUFU

Makala yanapoungua bila hewa ya kutosha yanatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Makala yasiyo na moshi ndiyo yanadanganya zaidi, maana mtu anasema: «Hakuna moshi, basi hakuna hatari.» Na ukiyafunika ili mwanga usionekane, unayanyima hewa, na gazi inazidi kuwa nyingi.

Gazi hii inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi tena hewa ya kutosha. Kichwa kinauma. Kizunguzungu kinakuja. Moyo unachafuka, mtu anataka kutapika. Kisha miguu inalegea. Hata akifahamu kwamba kuna hatari, hawezi tena kuufikia mlango. Anakaa chini, anasinzia, na ndiyo mwisho.

Wachimbaji wa makaa ya mawe wanaijua gazi hii tangu zamani. Katika Uingereza walishuka shimoni na ndege wadogo, canari, kwa sababu ndege huyo anaanguka kabla ya mtu. Desturi hiyo ilianza kuachwa mwaka 1986 tu, vyombo vya kupima vilipochukua nafasi yake. Katika chumba chako cha giza hakuna ndege wala chombo. Upo wewe peke yako, na mara nyingine mtoto wako anayekushikia saa.

FANYA HIVI

Pasha maji nje, uwanjani, na mbabula ibaki huko huko. Mimina maji ya moto katika beseni kubwa, changanya na ya baridi mpaka yafike nyuzi 22 au 23, kisha simamisha tangi la revelateri ndani ya beseni. Maji mengi hayapoi upesi; yatalinda joto la dawa muda wote wa kazi. Pima kwa kipimo, si kwa kidole.

Kisha fikiria hewa. Wewe wa shimoni unajua jambo ambalo wengine hawalijui: upepo unapinda kona, mwanga wa taa haupindi. Tumia akili hiyo nyumbani. Tengeneza kijisanduku cha mbao juu ya tundu la ukuta, weka vibao viwili au vitatu ndani vinavyopishana, paka rangi nyeusi isiyong'aa. Hewa itapita ikizunguka vibao, mwanga utakufa njiani. Weka kimoja chini upande huu, kingine juu upande wa pili.

Kama unaweza kupata tangi lenye kifuniko kisichopitisha mwanga, ni bora zaidi. Hapo giza linahitajika dakika chache tu, wakati wa kupanga filamu ndani. Kazi nyingine yote unaifanya mlango ukiwa wazi.

DAWA NA MWILI WAKO

Metoli na idrokinoni zinaweza kuharibu ngozi. Kwanza vidole vinawasha, halafu vinatoka upele, ngozi inapasuka. Kuna watu ambao mwili wao ukikwisha kuikataa metoli haurudi kuikubali tena. Basi shika filamu kwa fremu yake, vaa glavu za mpira, nawa mikono kwa sabuni. Unapochanganya unga wa dawa, fanya taratibu, mlango ukiwa wazi, usivute vumbi lake. Wewe unayejua vumbi la mawe linafanya nini ndani ya kifua, huhitaji kuambiwa mara mbili.

Tangi la pili ni maji yenye asidi asetiki kidogo, ya kusimamisha revelateri. Asidi hiyo ikiwa kali inaunguza ngozi na macho. Sheria ni moja: asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Ikirukia jicho, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali. Wala usiichanganye na maji ya Javel ya kufulia nguo. Mchanganyiko huo unatoa klori, gazi ya kuunguza mapafu.

Tangi la tatu ni la fiksateri, ambayo kazi yake ni kuondoa chumvi ya fedha ambayo mwanga haukuigusa. Fiksateri yenye asidi inatoa harufu kama ya kiberiti kinachowashwa. Mwenye pumu asikae nayo katika chumba kilichozibwa.

KUOSHA, MAANA NDIKO WENGI WANAHARAKISHA

Filamu ikitoka katika fiksateri, mtu amechoka. Anaichovya katika ndoo mara mbili, anaianika. Baada ya miaka picha inageuka manjano na kufifia, kwa sababu fiksateri imebaki ndani na inaendelea kuila. Ile ilikuwa labda picha moja tu ya baba mzee, na baba hayupo tena. Osha chini ya robine dakika 20 mpaka 30. Kama maji ni ya shida, jaza tangi, acha dakika 5 huku ukitikisa, mwaga, jaza tena. Fanya hivyo mara 6 au zaidi.

Fiksateri iliyotumika ina fedha ndani yake. Usiimwage karibu na kisima, wala katika bustani ya mboga, wala mtoni penye samaki. Iweke katika chombo cha plastiki pamoja na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria: chuma kinaingia katika maji na fedha inaanguka chini. Kwenye viwanda vya shaba chuma chakavu kimetumika kwa namna hiyohiyo kuangusha shaba.

MANENO KWA MAMA NA WATOTO

Mama, kama baba watoto anafanya kazi hii, una haki ya kumwuliza: dawa zako zinakaa wapi? Zisikae katika chupa ya bia wala ya limonadi. Mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Ziwe na jina kubwa juu yake, katika sanduku lenye kufuli. Sufuria na kikombe kilichopimia dawa kisirudi jikoni kamwe. Mtoto akinywa, usimlazimishe kutapika. Mpeleke kwa muganga mara moja, na uichukue chupa pamoja naye.

Na kama baba amejifungia na kimya kimekuwa kirefu, piga hodi. Asipoitika, fungua mlango, hata kama filamu zitaharibika. Usiingie kukaa humo: zuia pumzi, mvute nje kwenye hewa safi, mfungue nguo shingoni, ita majirani, apelekwe hospitali apewe oksijeni. Hata akizinduka na kusema amepona, apelekwe vilevile.

Filamu iliyoharibika utapiga nyingine kesho. Wewe hutapigwa mara ya pili.

KUMBUKA
– Mbabula nje, maji ya moto ndani.
– Tundu la hewa kabla ya tundu la ufunguo.
– Glavu mikononi, hakuna sigara, hakuna chakula.
– Asidi ndani ya maji.
– Mtu mmoja wa nyumbani ajue kwamba umeingia, na saa utakayotoka.

Usalama hauachwi kwenye mlango wa kiwanda pamoja na kofia ya kazi. Rudi nao nyumbani.