Masizi na Usalama wa Maji Yetu

Masizi si kitu kigeni kwa mwananchi yeyote. Lakini mwaka 2007 wanasayansi waliyakusanya masizi ya mshumaa, wakayachemsha katika asidi ya naitriki, na wakapata chembe za kaboni ambazo, zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, hung'ara kwa rangi mbalimbali. Chembe za namna hii kwa kawaida hazifiki upana wa nanomita 10, nayo nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita.

Siri ya nuru hiyo kwa sehemu kubwa imo katika uso wa chembe. Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walidhihirisha kwamba chembe ambazo nuru yake ilikuwa hafifu hung'ara vizuri pindi uso wake unapofunikwa kwa molekuli nyingine zinazofaa. Tangu hapo kazi kubwa imekuwa kuchagua vazi la chembe kulingana na kazi yake. Liko vazi linaloziwezesha kuenea majini, na liko linalonasa zebaki. Zebaki ikinaswa, nuru ya chembe hufifia, na mpimaji hutambua kuwa maji yana sumu.

Jambo hili latuhusu. Huko Bara zebaki hutumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, na sumu hiyo ikiingia majini hujikusanya katika samaki. Sisi watu wa visiwani, ambao samaki ni kitoweo chetu cha kila siku, hatuwezi kulipuuza.

Hata hivyo, si haki kuwapa wananchi matumaini ya haraka. Chuma nacho chaweza kuizima nuru ya nyingi kati ya chembe hizi, na maji ya kisima si sawa na maji safi ya maabara. Kwa hiyo kipimo hiki hakiondoi haja ya kuyapima maji tena kwa mitambo ya mkemia.

Tunawanasihi viongozi wanaohusika wasinunue kipimo kwa kusikia sifa za muuzaji. Waulize: chembe zake zimevishwa nini, na ni kitu gani kingine kizimacho nuru yake? Aidha, vijana wetu wa kemia wapewe taa, vyombo na nafasi ya kujaribu wenyewe kwa maji ya visima vyetu. Masizi hayana gharama. Kinachohitaji kugharimiwa ni elimu ya kuyatumia.